Nailoni kwenye shamba la mahindi: kisa cha kikundi kimoja Ukambani

## Yaliyoondolewa

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wakulima katika nyanda za chini za Ukambani, mashariki mwa Kenya, waliojaribu kufunika udongo wa mashamba yao ya mahindi kwa karatasi ya nailoni ili kuhifadhi maji. Jina la kikundi, kata, mwaka, mradi uliowafadhili na duka lililowauzia bidhaa vimeondolewa, na mambo machache ya kifamilia yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Bei hazitajwi, kwa sababu mwenyeji akiziona bei za roli ya nailoni na za gunia la mahindi anaweza kukisia mwaka na duka. Kilichobaki ni uwiano kati ya bei hizo mbili, na huo ndio unaohitajika katika uchambuzi.

## Mahali na watu

Mvua huku huja mara mbili kwa mwaka. Za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa. Za Machi hadi Mei hukatika ovyo, na kuna miaka ambayo mkulima hazihesabu kabisa. Kwa mwaka mzima hunyesha kati ya milimita 500 na 700, lakini jumla hiyo hudanganya. Sehemu kubwa ya maji ya msimu inaweza kuanguka kwa dhoruba chache, kisha likawaka jua la wiki tatu wakati mahindi yanatoa mbelewele. Mkulima wa Ukambani hupoteza mahindi yake katika wiki hizo tatu, hata pale vitabu vinapoandika kwamba msimu ulikuwa wa wastani.

Udongo ni mwekundu wenye mchanga, haba wa naitrojeni na fosforasi. Ukinyeshewa kisha ukapigwa na jua, hufanya gamba gumu juu. Mashamba mengi yamekatwa makinga maji ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu), mengine yakiwa yamechimbwa na kizazi cha babu zao.

Kikundi chenyewe kilianza kama mwethya, wa kusaidiana kulima na kupalilia kwa zamu, kisha kikaongeza mchango wa kila wiki na mikopo midogo. Wengi wa wanachama ni akina mama. Hulima mahindi aina ya Katumani au mbegu chotara za muda mfupi, wakichanganya na kunde, ndengu na mbaazi katika shamba lilelile. Karibu kila boma lina mbuzi, na baadhi yana ng'ombe wawili watatu wa kukokota plau.

Katika mashamba haya hakuna kitu cha kutupwa. Mabua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi. Ushauri wa kutandaza nyasi au mabua juu ya udongo ili kuhifadhi unyevu umetolewa huku kwa miaka mingi na umesikilizwa kwa heshima, ila utekelezaji wake ni mdogo. Mabua yakiachwa chini, ng'ombe analala njaa, na yale asiyoyala ng'ombe huliwa na mchwa kabla mvua haijafika. Wakulima hawa si wabishi. Wamefanya hesabu yao na imewatoka sawa.

Kwa hiyo mtu alipokuja na matandazo ambayo mchwa hayali na ng'ombe hayatamani (hivyo ndivyo ilivyodhaniwa), alisikilizwa.

## Teknolojia ilikotoka

Njia waliyofundishwa ilikomaa Gansu, jimbo kame la kaskazini-magharibi mwa China, kwenye nyanda za juu za udongo wa tifutifu uliorundikwa na upepo kwa mamilioni ya miaka. Nailoni ya matandazo iliingia China kutoka Japani mwaka 1978, mwanzoni kwa mboga. Wataalamu wa Gansu waliipeleka kwenye mahindi na kuiunganisha na matuta. Hutengeneza tuta pana la sentimita 70 na tuta jembamba la sentimita 40, kwa zamu, shamba zima. Juu yake hutandazwa nailoni yenye upana wa sentimita 120 inayofunika kila kitu. Kingo za karatasi mbili hukutana katikati ya tuta pana na kukandamizwa kwa udongo. Mahindi hupandwa kwenye mtaro, kupitia matundu, na matundu mengine madogo hutobolewa humo humo ili maji yazame.

Ubora wa mpango huo unaonekana ukihesabu mvua ndogo. Mvua ya milimita 5 ni lita 5 kwa kila mita ya mraba. Ikiangukia shamba wazi hulowanisha juu juu, na kesho yake jua limeinyanyua yote. Ikiangukia matuta yaliyofunikwa, huteremka mtaroni. Kama ukanda wa mtaro ni theluthi moja ya shamba, hapo mahindi yamepata kama lita 15 kwa mita ya mraba, chini ya kifuniko kinachozuia mvuke usitoke. Mvua ambayo haikuwa na maana inageuka kuwa ya kumwagilia.

Lakini Gansu kuna jambo la pili, na katika mafunzo ya kikundi lilitajwa kwa sentensi moja tu. Huko mahindi hupandwa Aprili, katika miinuko ambayo sehemu nyingi hukaribia au kupita mita 1,900, udongo ukiwa bado baridi. Nailoni angavu hupasha udongo joto, mbegu huota mapema, na mahindi hukomaa kabla baridi ya vuli haijarudi. Kuna mabonde na miinuko ambako mahindi hayakuwa yakikomaa vizuri hadi nailoni ilipokuja. Yaani mkulima wa Gansu anaponunua roli moja, ananunua maji na joto kwa pamoja. Mkulima wa Ukambani, mwenye jua la Oktoba juu ya kichwa, joto halihitaji.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lanzhou na wenzao wa Kenya walilijua hilo. Katika majaribio yao nchini Kenya, muongo wa 2010, walilinganisha nailoni angavu na nyeusi kwa sababu hiyohiyo ya joto la udongo. Safari ya kutoka kwenye jaribio la utafiti hadi kwenye duka la pembejeo ni ndefu, na njiani mengi hudondoka.

## Yaliyotokea

### Vuli ya kwanza

Mradi ulileta roli za nailoni angavu, nyembamba, na mbegu chotara, na mbolea ya DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia. Kila mwanachama alitoa kipande kidogo cha shamba. Matuta yalichimbwa kwa jembe la mkono, mwethya ukizunguka boma kwa boma mwezi wa Septemba, na kila mtu alikiri kwamba kazi ile ilikuwa nzito kuliko kulima kwa plau. Nailoni ilitandazwa udongo ukiwa mkavu kabisa, ili mvua ya kwanza isipotee.

Mvua ya kwanza ilikuja ya dhoruba. Katika mashamba tambarare maji yalijaa mitaroni, yakazama taratibu. Katika mashamba mawili yaliyoinama, ambako mitaro ilikuwa imechorwa kufuata mpaka wa shamba badala ya kufuata kontua (mstari wa kimo kimoja unaokata mteremko), maji yalipata njia laini yasiyowahi kuwa nayo. Yalishuka mtaroni kwa kasi, yakapasua tuta la mwisho na kubeba nailoni hadi kwenye kinga maji. Afisa aliyekuwa akiwatembelea aliwaonyesha kuweka vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila baada ya hatua chache, na tatizo likaisha.

Kisha likaja joto. Miche iliyochipua pembeni kidogo ya tundu ilinaswa chini ya nailoni ikaungua. Hata Gansu jambo hili linajulikana, na wakulima hupita shambani kuichomoa miche kwa kidole. Tofauti ni kwamba huku ucheleweshaji wa siku moja ulitosha kuiua. Waliopita asubuhi na jioni waliokoa miche yao. Waliokuwa na watoto wadogo, au kibarua mjini, walipanda upya. Magugu nayo yalistawi chini ya nailoni angavu na kuiinua kama hema. Hapo palilia haiwezekani, kwa sababu jembe linapasua.

Mwishoni mwa Novemba mvua ilikata. Kuanzia hapo ndipo kikundi kilipoanza kuamini. Mahindi ya majirani yalijikunja majani saa nne asubuhi, na ya vipande vya nailoni yalikaa wima hadi alasiri. Wakati wa mavuno wengi walipata mara moja na nusu hadi mara mbili ya mavuno ya eneo kama hilo katika mashamba yao ya kawaida. Picha zilipigwa. Wageni waliletwa.

### Kiangazi

Baada ya mavuno watu waliwafungulia ng'ombe na mbuzi waingie mashambani, kama ifanywavyo miaka yote. Hakuna aliyekuwa amesema vinginevyo. Mifugo ilikula mabua na kung'oa nailoni iliyogandamana na udongo na chumvi ya mbolea, ikaitafuna. Katika boma moja mbuzi aliyechinjwa kwa sherehe alikutwa na bonge la nailoni tumboni. Habari hiyo ilisambaa haraka kuliko ya mavuno.

Vipande vilipeperuka hadi kwenye miiba ya ua na kwenye lambo la kunyweshea. Mzee mmoja jirani, ambaye hakuwa mwanachama, alikwenda kwa chifu kulalamika kwamba nailoni imepigwa marufuku nchini. Marufuku ya Kenya iliyoanza 28 Agosti 2017 ni ya mifuko ya kubebea na kufungashia, haigusi nailoni ya shambani. Mzee alikosea sheria, ila kuhusu lambo alikuwa na haki, na chifu alimsikiliza kwa sababu ya lambo. Wanachama wakatakiwa kukusanya. Nailoni nyembamba hivyo, ikishapigwa na jua miezi mitano, haikunjwi. Inavunjika mkononi. Walikusanya walichoweza na wakachoma kwenye shimo, jambo ambalo nalo lina ubaya wake.

### Masika

Mradi ulikuwa umemaliza muda wake. Kikundi kilikaa kuamua kama kinunue roli kwa fedha za mchango.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kununua, na kupanua eneo. Sababu yao ilikuwa ya wazi: wameona kwa macho. Mweka hazina alipinga. Alisema kwamba msimu uliopita walipewa nailoni, mbegu, DAP na CAN pamoja, na hakuna anayejua ni kipi kilicholeta mahindi. Alizidiwa kwa kura. Hoja yake tutairudia.

Uamuzi wa pili ulihusu mbaazi. Mbaazi za muda mrefu hupandwa Oktoba pamoja na mahindi, hubaki shambani mahindi yakishavunwa, hupita msimu wote wa masika na kuvunwa Julai au Agosti. Ni mboga, ni fedha, ni kuni, na majani yake hurudisha naitrojeni udongoni. Mfumo wa nailoni hauna nafasi yake. Ukipanda mbaazi kwenye tuta umeitoboa nailoni kila mahali. Ukiziacha mtaroni, zinashindana na mahindi kwa maji yaleyale uliyoyakusanya. Wengi waliamua kuacha mbaazi katika vipande vya nailoni kwa mwaka huo. Hawakuliona kama uamuzi mkubwa. Lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Uamuzi wa tatu ulifanywa dukani. Roli nyembamba kama zile za mradi hazikuwepo. Kulikuwa na nailoni nyeusi ya wakulima wa mboga, maikroni 25 hadi 30 (milimita 0.025 hadi 0.03), na nyingine ya bei ya katikati ambayo muuzaji alidai inaoza yenyewe shambani. Kikundi kilinunua ya pili, kwa kuwa baada ya kisa cha mbuzi neno «inaoza» lilikuwa na uzito.

Mvua za Machi zilianza vizuri, zikakata mapema Mei. Mahindi ya nailoni yalikua haraka, yakawa na majani mapana, yakanywa maji yote ya udongo kabla ya mbelewele kutoka. Yalipofika wakati wa kuzaa, chini hapakuwa na kitu. Majani yakawa manjano kuanzia chini kwenda juu, ishara ya njaa ya naitrojeni, kwa sababu safari hii CAN haikununuliwa. Fedha zilikwishia kwenye roli. Mahindi mafupi, membamba, ya shamba la kawaida yalibeba vibunzi. Ya nailoni yalibeba vibunzi vikubwa kidogo. Tofauti haikufikia bei ya nailoni hata kwa mbali, na mwaka huo hapakuwa na mbaazi za kuziba pengo.

Na ile nailoni iliyodaiwa kuoza ilipasukapasuka kuwa vipande vya ukubwa wa kucha, vikabaki.

## Kipande cha mama mmoja

Katika vuli ya kwanza, mama mmoja aliishiwa nailoni kabla ya kumaliza. Matuta yake ya mwisho yalibaki wazi, yakiwa na vizuizi mitaroni, mbegu ileile, mbolea ileile, yamepandwa siku ileile. Hakupanga kufanya jaribio. Alikuwa amechimba matuta tayari na hakutaka jasho lake lipotee.

Mavuno yake ya matuta yaliyo wazi yaliangukia katikati: juu ya shamba lake la kawaida kwa kiasi cha kuonekana, chini ya nailoni kwa kiasi cha kuonekana pia. Hakuna aliyeyapima kwa mizani wala kuyaandika. Mama mwenyewe aliyajua kwa madebe, kwa sababu alipukuchua kila sehemu siku yake.

Shamba moja la msimu mmoja halithibitishi kitu. Hata hivyo ndilo pekee katika kisa hiki lililotenganisha matuta na nailoni, na linaunga mkono alichokisema mweka hazina. Shamba la mfano lilikuwa limebadilisha mambo matano kwa wakati mmoja: matuta, kifuniko, mbegu, mbolea, na kuwahi kupanda. Sifa zote zikachukuliwa na nailoni kwa sababu ndiyo iliyong'aa. Mradi wowote unaoleta kitu kipya una deni la kuweka ukanda mmoja wenye kila kitu isipokuwa kile kipya. Gharama yake ni kamba mbili na vigingi vinne.

## Baadaye

Kikundi hakikuvunjika, lakini kiligawanyika kimatendo. Wengi waliacha nailoni wakabaki na matuta yenye vizuizi na samadi, hasa katika sehemu ya shamba iliyo karibu na boma ambako samadi haihitaji kubebwa mbali. Mbaazi zilirudi.

Wanachama wachache waliendelea, kwa namna nyingine kabisa. Walinunua nailoni nyeusi nene, wakafunika tuta tu na kuacha mtaro wazi, hivyo kutumia kama nusu ya nailoni kwa eneo lilelile. Nyeusi haikuruhusu magugu kuota chini yake na haikuunguza miche, maana miche iko mtaroni na haiguswi. Hawakuvuna nafaka kavu, walivuna mahindi mabichi ya kuchoma, wakayauza barabarani wakati wengine hawana. Nailoni hiyohiyo ilitandikuliwa, ikakunjwa na kutumika msimu uliofuata kwa nyanya au pilipili hoho.

Kwa nafaka kavu hakuna aliyeendelea.

## Uchambuzi

### Kilichofanya kazi

Maji. Hilo lisipotezwe katika lawama. Katika wiki za ukame wa Novemba njia ile ilifanya kile ilichoahidi, na mkulima aliyeona mahindi yake yamesimama saa nane mchana, ya jirani yamejikunja, hakudanganyika. Kukusanya mvua ndogo mtaroni ni wazo sahihi kwa Ukambani, labda kuliko kwa Gansu, kwa sababu udongo wenye gamba humwaga maji mengi. Vizuizi vya mitaroni, vilivyoongezwa kwa dharura baada ya dhoruba, ndivyo vilivyodumu kuliko kitu kingine chochote katika mradi.

Mwethya ulifanya kazi pia. Kuchimba matuta kwa mkono ni kazi ambayo mtu mmoja angeiahirisha hadi mvua imkute. Kwa zamu ilikamilika.

### Kilichofeli, na mahali kilipofelia

Hesabu ya nailoni inaweza kufanywa na yeyote mwenye kalamu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kuifunika yote kwa nailoni ya milimita 0.01 kunahitaji kama kilo 37 za plastiki, bila kuhesabu kingo zinazofukiwa. Ya maikroni 30 ni mara tatu, kama kilo 110. Hapo ndipo tatizo lote lilipokaa. Nyembamba mtu anaimudu ila haiwezi kuondolewa; nene inaondolewa vizuri ila mahindi makavu hayawezi kuilipa.

China yenyewe imepita njia hiyo. Katikati ya muongo wa 2010 ilikuwa ikitumia zaidi ya tani milioni 1.4 za nailoni ya matandazo kwa mwaka, nyingi ikiwa nyembamba mno, na mabaki yakajaa udongoni hadi wakulima wakaanza kuyakuta kwenye plau kila mwaka. Vipande hivyo huzuia mizizi na maji. Kiwango kipya cha taifa, kilichoanza kutumika Mei 2018, kilipandisha unene wa chini kutoka milimita 0.008 hadi 0.010, lengo kuu likiwa nailoni iweze kukusanywa, na kanuni za mwaka 2020 zikawabebesha watengenezaji, wauzaji na watumiaji wajibu wa urejeshaji. Gansu kuna vituo vya kununua nailoni chakavu, kuna mashine za kuikusanya, na kuna ruzuku. Kikundi cha Ukambani kilipelekewa roli bila hata kimoja kati ya hivyo. Tena kilipelekewa roli za unene ambao wenyewe waliovumbua njia hiyo walikuwa wakihangaika kuuacha.

Katika gharama zilizoandikwa na mradi, nguvu kazi ilihesabiwa hadi siku ya kupanda. Kuondoa hakukuwa na mstari. Kilipofika kipindi hicho vijana walikuwa wamerudi mjini, mwethya ulikuwa umelala hadi msimu ujao, na kazi ikawaangukia akina mama na watoto wakati wa kiangazi ambapo maji pekee huchukua nusu siku kuyateka. Kazi isiyo na mwenyewe haifanywi, na hili lingeonekana kabla ya roli ya kwanza kufunguliwa kama mtu angewauliza wenye boma nani huingia shambani Februari. Jibu lingekuwa: mbuzi.

Joto nalo halikuwa siri. Mahindi hupenda udongo wa joto la wastani. Juu ya nyuzi 40 miche huumia, na nailoni angavu chini ya jua la nyanda hizi hufikisha udongo wa juu huko bila shida. Kuleta nailoni angavu kulikuwa ni kuleta dawa ya ugonjwa wa baridi mahali penye homa. Kama kuna mahali Kenya ambapo nailoni angavu ingestahili kujaribiwa kwa nafaka, ni kwenye miinuko yenye baridi na mvua haba, si nyanda za chini.

Suala la naitrojeni linahitaji kukaziwa, kwa kuwa ndilo linalosahaulika hata na wataalamu. Udongo wenye joto na unyevu huozesha mboji haraka. Msimu wa kwanza mahindi hustawi kwa sababu, pamoja na mbolea, yanakula akiba ya udongo. Akiba ya Ukambani ni ndogo. Ukitumia nailoni unaimaliza haraka, na ukiondoa mabua kwa ajili ya ng'ombe, ukaondoa na mbaazi, umefunga milango miwili ambayo naitrojeni ingerudia shambani. Msimu wa pili ulikuwa na mvua mbaya, ndiyo, lakini hata ungekuwa na mvua nzuri majani yale yangekuwa manjano bila CAN.

Kuhusu nailoni inayooza: kuna aina mbili zinazouzwa kwa neno hilohilo. Ya kwanza hutengenezwa kwa malighafi ambazo vijidudu vya udongo huzila, na kiwango cha Ulaya cha mwaka 2018, EN 17033, hudai angalau asilimia 90 ya kaboni yake igeuke kuwa hewa ya ukaa ndani ya miaka miwili katika kipimo cha maabara. Ya pili ni plastiki ya kawaida iliyotiwa kemikali ya kuifanya ipasuke juani. Hii ya pili haiozi, inakuwa ndogo tu. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuipiga marufuku sokoni mwaka 2019. Kikundi kiliuziwa yenye dalili zote za aina ya pili. Mnunuzi aulize cheti cha kipimo cha udongoni, na akiambiwa hakipo aichukulie kuwa plastiki kama nyingine. Ya kweli ni ghali, na kwa nafaka inarudisha swali la bei palepale.

Bei yenyewe ifanyiwe hesabu kwa namna hii. Gawanya gharama ya nailoni ya ekari kwa bei ya gunia la kilo 90 shambani Februari, wiki za mavuno, ambapo mkulima huuza kwa sababu ada ya shule haingoji. Usitumie bei ya Oktoba ambapo ghala ni tupu. Idadi ya magunia utakayopata ndiyo ya ziada ambayo nailoni lazima ilete kabla hujapata senti, na lazima iilete katika msimu wa wastani, kwa sababu katika msimu mbaya nailoni haitengenezi mvua. Kwa kikundi hiki idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ziada ya vuli nzuri ukitumia nailoni nene, na ikakaribia sana ziada hiyo ukitumia nyembamba. Kwa mahindi ya kuchoma, ambapo kila kibunzi huuzwa peke yake, hesabu inageuka. Ndiyo maana walioendelea ni wauza mahindi mabichi, na sioni haja ya kutafuta sababu nyingine ya kitabia au ya elimu.

### Ambalo bado halijapatiwa jibu

Wanaoendelea wamejiwekea utaratibu: anayekopa nailoni ya kikundi huweka amana, na hurudishiwa akileta nailoni yote kabla ya mifugo kufunguliwa. Mwanzoni walipima kwa mizani. Nailoni iliyotoka shambani ina udongo mwingi kiasi kwamba mtu anaweza kurudisha nusu ya karatasi na mizani ikasema amezidisha. Sasa wanapima kwa urefu, tuta kwa tuta. Ikishachakaa kabisa huwekwa kwenye stoo ya kikundi. Wanunuzi wa plastiki chakavu waliofika waliikataa kwa sababu ya udongo huohuo, na kuiosha kunahitaji maji ambayo huku hubebwa na punda. Stoo inajaa, na mkutano wa mwisho uliofuatiliwa kwa ajili ya uchambuzi huu uliamua kutonunua roli mpya hadi apatikane wa kuichukua ile ya zamani.